Kitufe cha Kama Jana

Neema ameniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi wodini, pamoja na wenzake wanaotengeneza mifumo ya hospitali. Alisema kurasa mbili tatu zinatosha, niandike tu niliyojifunza. Nikamwambia niliyojifunza yanaenea nusu ukurasa, niliyokosea ndiyo yanayotaka daftari zima. Alicheka, kisha akaacha kucheka kwa sababu anajua ninachosema. "Basi Dada, andika hayo hayo," akasema.

Mimi ni Nyangeta, wa Makoko, hapa hapa Musoma. Nilikuwa mhudumu katika wodi ya wagonjwa wa akili tangu nikiwa binti mpaka nilipostaafu. Hospitali siitaji jina. Waliofanya kazi nami wataijua, wengine haiwasaidii kitu.

Shule niliishia darasa la sita. Baba na mama walifariki ndani ya mwaka mmoja, mimi mkubwa, nyuma yangu wadogo watatu: Majura, Nyasatu na Mafuru. Kabla hawajaenda shule nilikuwa nawasimamisha mlangoni nawatazama mmoja mmoja. Majura akiwa na homa alikuwa hasemi. Nyasatu akiwa na njaa alicheka kuliko kawaida, ili nisijue. Mafuru, wenzake wakimpiga, alifunga shati mpaka kifungo cha juu kabisa. Nilikuwa sijui kwamba hiyo nayo ni kazi, na kwamba kuna watu huisomea chuoni.

Hospitalini niliingia kama mfagiaji. Asubuhi moja, nikiwa na fagio langu, nilimwambia muuguzi wa zamu kwamba yule wa kitanda cha tano amelala na viatu. Muuguzi huyo alikuwa mama mtu mzima aitwaye Perpetua, miwani yake imefungwa kwa uzi. Akaenda kumwangalia, akaketi naye muda mrefu. Mgonjwa alikuwa amepanga kutoroka kabla ya chai. Mama Perpetua aliporudi alinipokonya fagio mkononi.

"Hili atalishika mwingine," akasema. "Wewe chukua kalamu."

"Mama, mimi mwandiko wangu mbaya."

"Mimi ndiye nitakayeusoma. Au unadhani unamwandikia askofu?"

Ndivyo nilivyopata daftari langu la kwanza. Kila asubuhi niliandika kila mgonjwa ameamkaje. Siku za mwanzo niliandika "ametulia, ametulia, ametulia" kuanzia juu hadi chini, nikaona nimefanya kazi nzuri. Mama Perpetua alinirudishia. "Jiwe ndilo limetulia," akasema. "Huyu ni mtu. Andika ulichokiona."

Siku nyingine niliandika "amelala vizuri" kuhusu mgonjwa aliyekuwa amefunika mto kwa blanketi, yeye mwenyewe yuko jikoni na wapishi anakula ukoko. Wakati wa kukabidhiana zamu Mama Perpetua alisoma kwa sauti mbele ya watu wote: "Dada Nyangeta anatuarifu kwamba mto umelala vizuri." Niliitwa Mama Mto mpaka mvua za vuli. Tangu hapo sikuandika kwamba mtu amelala kabla sijamwona akipumua.

Mama Perpetua alistaafu, akarudi kwao Nyegina, na miaka mingi baadaye tukamzika huko huko. Mfumo wa kompyuta hakuuona. Nashukuru, na pia sishukuru. Angekuwepo, angenikemea mapema.

Mfumo ulikuja na Neema. Yeye ni binti wa Bunda aliyesomea kompyuta, naye alikuja na vishikwambi sita ndani ya begi la mgongoni. Alisema madaftari yanapotea, yanalowa, hayafiki kwa daktari. Hapo alisema kweli. Daktari wetu wa akili alikuwa anakuja Jumatano tu, wagonjwa zaidi ya thelathini, na hakuwa na muda wa kusoma mwandiko wangu. Kwenye mfumo angeona tabia ya kila mgonjwa siku kwa siku, imechorwa kwa mstari: ukipanda mgonjwa anazidiwa, ukilala sawa ametengemaa.

Siku ya kwanza nilikigusa kile kioo kikazima.

"Neema, nimekiua."

"Hujakiua, Dada. Kimelala."

"Kama mimi nikitoka zamu. Na wewe ukikiamsha, kinaamka na hasira?"

Nilijifunza, polepole. Na nilipojifunza nikaanza kuona makosa yake. Mfumo ulikuwa na orodha ya kuchagua: ametulia, anahangaika, ana fujo, anaongea peke yake. Ukafika mwezi wa rozari. Wagonjwa wetu wengi Wakatoliki, kila jioni wanakaa kitandani na tasbihi, midomo inacheza. Mhudumu mgeni akawajaza wote "anaongea peke yake." Mstari wa wodi nzima ukapanda kama mlima. Daktari akapiga simu anahema.

"Kuna nini huko kwenu?"

"Wanasali, daktari."

"Wote?"

"Kasoro Msabato mmoja. Yeye anaimba."

Neema alifika kesho yake, akakaa wodini tangu chai hadi chakula cha mchana, akajionea. Akaongeza mahali pa kuandika kwamba mgonjwa anasali. Baada ya hapo kila alipotaka kubadilisha kitu aliniuliza mimi kwanza. Nikamwambia neno "mkorofi" aliondoe, kwa sababu mkorofi si ugonjwa, na nusu ya watumishi tungelazwa. Akaliondoa. Nikamwambia swali la chakula lisiulize tu amekula au hajala, liulize amekula na nani. Akaliweka. Kwenye mikutano yao jina langu likawa linatajwa. Mimi wa darasa la sita, watu wa kompyuta wanasema, "Tumuulize Dada Nyangeta." Nawaambia haya ili mjue nilikuwa nimevimba kiasi gani siku niliyoomba kile kitufe.

Ilikuwa hivi. Kila mgonjwa alikuwa na maswali kumi na moja, kila siku. Sisi asubuhi tulikuwa wahudumu wawili, mimi na Magesa, mwanamume mwenye maneno mengi kutoka upande wa Bunda. Mtandao ukikatika katikati unaanza upya. Magesa alikuwa analalamika mpaka wagonjwa wanamhurumia. "Mie nilikujaga hapa kuhudumia watu," anasema. "Sasa nahudumia kioo. Kikiumwa ndio mnifukuze."

Na kweli, wagonjwa wetu wengi hawabadiliki kila siku. Mtu anaweza kuwa vile vile wiki mbili. Nikamwambia Neema, "Kama mgonjwa hajabadilika, kwa nini nijibu maswali yote upya? Niwekee kitufe kimoja, kijaze yale yale ya jana. Kiite Kama jana."

"Una uhakika, Dada? Mtu anaweza kubofya bila kumwangalia mgonjwa."

"Wewe Neema! Unatuona sisi ni watu wa kubofya tu?"

Akaniomba radhi. Naomba mlikumbuke hilo: mwenye elimu alitilia shaka, mwenye uzoefu akamnyamazisha. Kitufe kikaja, cha kijani, kikubwa, chini kabisa ya kioo. Wiki za mwanzo kilitusaidia sana. Tulimaliza kujaza mapema, tukakaa na wagonjwa, tukawanyoa, tukacheza nao bao. Baadaye, sijui ni lini hasa, tukawa tunamaliza mapema na kukaa sisi kwa sisi.

Sasa niwaambie habari za Wambura. Jina hili ndilo lake halisi. Mama yake amesema niliandike, huenda likasomwa na mtu aliyemwona.

Wambura alikuwa fundi baiskeli, wa kijiji kimoja huko Butiama, mzaliwa wa kwanza kama mimi. Alilazwa kwetu mara tatu. Akiwa mzima hakuna mtu mwenye adabu kama yeye. Kila asubuhi alinisubiri mlangoni, taulo begani, na salamu zake zilikuwa ndefu.

"Dada Nyangeta, umeamkaje?"

"Nimeamka salama."

"Majura hajambo?"

"Hajambo."

"Nyasatu hajambo?"

"Hajambo."

"Mafuru hajambo?"

"Hajambo, juzi kapata mtoto."

"Na ziwa, halijambo? Maana naona leo hunuki samaki furu sana."

"Nanyi wafugaji mnaonuka mtindi, hamjambo?"

Ndipo zamu yangu ya kuuliza inafika. Siku ya kwanza niliuliza hali ya mama yake, kisha Prisca, kisha Yohana, wale wadogo zake. Akanikatiza, uso umekunjwa kama mwalimu. "Umemruka mkubwa. Kwetu salamu inaanzia kwa mkubwa. Anza upya."

"Mkubwa si ndiye wewe, na tuko hapa tunaongea?"

"Kwani mimi sina hali?"

Basi ikabidi kila siku nianze na yeye mwenyewe, nimuulize usoni, "Wambura hajambo?" naye ajibu kwa heshima kubwa, "Wambura hajambo, anakusalimu sana." Tulicheka kila siku, na kila siku tulirudia.

Katika daftari langu la zamani, alipolazwa mara ya pili, nilikuwa nimeandika mambo haya. Nilikuja kuyasoma tena nikiwa nimechelewa, lakini niliyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Siku moja: "Amesalimia wote." Siku iliyofuata: "Amesalimia wawili, Mafuru hakumuulizia." Kisha: "Amesalimia mimi tu." Kisha: "Hakusalimia." Na chini yake, asubuhi ya pili yake: "Amevunja dirisha, amejikata, anasema kuna watu wanamwita barabarani."

Ugonjwa wa Wambura ulianzia kwenye salamu. Ulikuwa unamla kutoka nyuma kuja mbele, unaanza na mdogo wa mwisho. Mimi nilijua hilo kama ninavyojua shati la Mafuru. Lakini mfumo haukuwa na swali la salamu, na mimi niliyeshauri maswali mengine yote sikulishauri hilo. Niliona ni jambo dogo, ni letu wawili, mimi na yeye.

Mara ya tatu alipolazwa alipata nafuu haraka. Daktari akasema mstari wake ukilala sawa siku kumi mfululizo, Jumatano atarudi nyumbani. Wambura alizihesabu hizo siku. Jumatatu mpaka Ijumaa alinisalimia salamu zote, nami nilijaza maswali yote, moja moja, kwa haki.

Jumatano hiyo hiyo wangekuja wageni. Walikuwa wakubwa wa Neema na watu wa hospitali nyingine waliotaka kuuona mfumo wetu, na mimi nilichaguliwa kuwaonyesha. Kuanzia Jumamosi wodi ilikuwa inafuliwa mapazia na kupigwa deki hadi chini ya makabati. Neema aliniambia kioo kisiwe na pengo hata moja, kila mgonjwa awe amejazwa.

Jumamosi Wambura alimuulizia Majura, akamuulizia Nyasatu, akanyamaza. Nilikuwa nimebeba ndoo. Nilingoja nusu dakika jina la tatu, halikuja, nikasema moyoni labda ameona nina haraka. Nikabofya Kama jana.

Jumapili nilipumzika. Magesa alibofya kwa sababu mimi nilibofya. Aliniambia hivyo baadaye, na sikumlaumu.

Jumatatu Wambura alisema "Umeamkaje" tu. Nikamwambia, "Leo wadogo zangu umewasusa?" Akatabasamu, ila hakunitazama. Nikabofya.

Jumanne aliinua mkono, kama anayefukuza nzi. Nikabofya. Mkono wangu ulisita kidogo juu ya kile kitufe, nataka mjue ulisita. Nikajiambia nitamwambia daktari kwa mdomo kesho.

Jumatano nilivaa sare mpya. Wageni walikuja saba, wakajipanga katikati ya vitanda. Niliwaonyesha kioo, nikawaonyesha rozari wakacheka, nikawaonyesha kitufe changu wakapiga makofi. Mmoja akasema, "Kumbe mama ndiye uliyekibuni!" Daktari akafika kwenye jina la Wambura. Mstari ulikuwa umenyooka kama umechorwa kwa rula.

"Siku kumi," daktari akasema. "Safi sana. Dada Nyangeta, wewe ndiye unayewajua. Unaonaje?"

Aliniuliza. Kila nikikumbuka natamani asingeniuliza, ili kosa liwe la mashine. Wambura alikuwa amesimama dirishani, taulo begani, ametupa mgongo. Asubuhi ile alinipita mlangoni bila neno, nami nikabofya. Nilipaswa kusema maneno manne: leo hakunisalimia, daktari, abaki. Lakini wageni walikuwa wananitazama, kitufe kilikuwa changu, na kusema vile kulikuwa ni kusema kwamba nilichowaonyesha ni uongo. Nikatazama kioo badala ya kumtazama mtu.

"Kama mfumo unavyoonyesha, daktari. Yuko vizuri."

Mchana mdogo wake Yohana alikuja kumchukua. Niliwasindikiza mpaka getini. Wambura hakuaga.

Siku ya sita akiwa nyumbani, mama yake alimtuma mashineni kusaga unga. Baiskeli ilikutwa imeegemezwa ukuta wa mashine, unga umesagwa, umefungwa vizuri nyuma kwa mpira. Mwenyewe hayupo. Walimtafuta Butiama nzima. Walitangaza makanisani mpaka Nyegina. Mimi na Magesa tulikwenda Bunda siku zetu za mapumziko, kwa sababu mtu mmoja alidai amemwona karibu na stendi akitembea bila viatu. Tulizunguka na picha yake tukiuliza wauza dagaa, bodaboda, mama lishe. Mama lishe mmoja alisema alimpa chai, kijana mpole, hakusema hata asante. Nikajua ni yeye, maana Wambura mzima asingekunywa chai ya mtu bila kuuliza hali ya watoto wake. Baada ya hapo hatukupata tena habari. Mpaka leo ninapoandika, hatujapata.

Nilikwenda kwa Neema nikamwambia yote. Alifungua kompyuta, akatafuta rekodi ya Wambura, akaisoma kwa kidole.

"Jumamosi mpaka Jumatano," akasema. "Siku tano, Dada. Zote ni Ijumaa."

Mfumo ulikuwa umeichukua Ijumaa moja ukaichora mara tano, na kwenye kioo cha daktari hapakuwa na kitu cha kumwonyesha kwamba zile siku zimenakiliwa. Neema alilia, akasema kosa ni lake, alipaswa kuzipa rangi nyingine. Nikamwambia anyamaze, rangi haikukataza mdomo wangu. Daktari naye nilimpelekea daftari la zamani. Alisoma ule ukurasa mara mbili, akalifunga, akaliweka magotini. "Na mimi nilipita mbele yake siku ile," akasema. "Sikumsalimia."

Kitufe kiliondolewa wiki ile ile. Magesa hakulalamika. Mahali pake tuliomba swali moja, lisilo na orodha ya kuchagua, nafasi tupu ya kuandika: Leo amekusalimiaje? Wakubwa wa Neema walikataa kwanza, wakasema salamu haipimiki. Neema akawajibu kama haipimiki basi isomwe, akahakikisha daktari anayaona maneno hayo kabla ya kuuona mstari. Ndilo swali mtakalolikuta hadi leo. Wengine wenu mmeniuliza ni la nini, mbona linachelewesha. Linachelewesha kweli. Liacheni liwacheleweshe.

Ukilijaza, andika maneno aliyoyasema, si maoni yako. Kama hakusema kitu, andika alichofanya kwa mkono. Kiswahili kikikushinda andika kwa kikwenu, atatafutwa wa kukisoma. Na ukiona mkono wako unasita juu ya kioo, usiulaumu mkono. Acha kioo, rudi kitandani kwa mgonjwa.

Swali hilo limewasaidia wengine. Nimeona kwa macho yangu wawili watatu wakizuiwa kuruhusiwa kwa sababu ya mstari mmoja wa salamu, na baadaye wakarudi kwao wazima. Wenzangu huniambia nijifariji kwa hao. Ninawafurahia, lakini hakuna hata mmoja wao anayeitwa Wambura.

Kwa mama yake nilikuwa nimeshakwenda mara nyingi wakati wa kumtafuta, na kila mara nilinyamaza. Niliketi kwenye kiti chake, nikanywa uji wake, nikasema pole kama mgeni yeyote. Nilitaka kusema, nikaogopa. Nilipostaafu nikaona kwamba sasa sina sare wala zamu ya kujificha nyuma yake. Nikanunua samaki, sato wawili wakubwa, mwaloni kwa wavuvi, nikapanda gari la Butiama.

Nilimkuta anachambua mtama. Nikamwamkia, akanikaribisha, na kabla sijaketi nikamwambia. Nilianza na ndoo ya Jumamosi, nikamaliza na kioo cha Jumatano. Aliendelea kuchambua mtama kwa vidole, anatoa mawe madogo anayaweka pembeni.

"Aliposhuka kwenye gari," akasema baadaye, "aliniambia shikamoo mama, basi. Hata ng'ombe hakuuliza. Mwanangu huyu huulizaga mpaka ndama. Nikajua hajapona. Ila Yohana alikuwa na karatasi ya hospitali. Nikasema hao wamesoma, wana mashine, mimi ni nani."

"Mama, mimi nilikuwa na mashine, nikasema mama yake atamjua vizuri akifika."

Sikuwa nimejua kwamba niliwahi kuwaza hivyo mpaka nilipojisikia nikisema.

Tukakaa. Kuku walikula mawe yale wakidhani ni mtama. Kisha akapangusa mikono kwenye kanga, akanigeukia.

"Hatujasalimiana sawasawa," akasema. "Umeamkaje, mwanangu? Majura hajambo?"

Sikuwahi kumtajia wadogo zangu. Ni Wambura aliyemwambia.

"Hajambo, mama."

"Nyasatu hajambo?"

"Hajambo."

"Mafuru hajambo?"

"Hajambo. Watoto wake sasa watatu."

Akaitikia kwa kichwa, akangoja. Ilikuwa zamu yangu.

"Prisca hajambo?" nikauliza.

Akarudisha mkono kwenye mtama, akatoa jiwe.

"Umemruka mkubwa," akasema. "Anza upya."

Nikaanza upya.

"Wambura hajambo?"

"Hajarudi," mama yake akasema. "Endelea."